Uyeyushaji wa Jivu la Makaa ya Mawe kwa Asidi: Maana ya “Kiasi cha Jumla” katika Ripoti za Maabara

Utangulizi

Tarehe 26 Juni 2019, baraza la kitaifa la rufaa za mazingira nchini Kenya lilibatilisha leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Lamu. Nchini Tanzania, makaa huchimbwa Ngaka na Kiwira. Popote yachomwapo hubaki jivu lenye aseniki, kromi na risasi. Mtunga sera huletewa takwimu za elementi hizo pasipo kuelezwa zilivyopatikana. Makala haya yanafafanua kwa nini suala hilo ni la msingi.

Mbinu mbili, majibu mawili

Kwa sehemu kubwa, jivu hili ni kioo cha silika na alumina. Baadhi ya elementi hukaa juu ya chembe. Nyingine zimefungwa ndani ya kioo. Utaratibu 3050B wa Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, utumiao asidi ya nitriki na hidrojeni peroksaidi, huondoa zaidi zile za juu, silika haivunjiki. Utaratibu 3052 huongeza asidi ya hidrofloriki, ambayo huivunja silika, ndani ya vyombo vya tefloni vilivyofungwa na kupashwa joto kwa mikrowevu. Kufunga chombo huzuia pia aseniki, seleni na zebaki zisipotee kwa mvuke. Kwa hiyo sampuli moja yaweza kutoa viwango viwili vya kromi, na kila kimoja kikawa sahihi kwa mbinu yake.

Tahadhari

Asidi ya hidrofloriki hupenya ngozi hadi mfupani, na pengine maumivu huchelewa. Maabara isiyo na jeli ya kalsiamu glukonati na watumishi waliofunzwa isiitumie.

Mapendekezo

Uganda haina kituo cha umeme wa makaa ya mawe. Inaweza kuweka kanuni kabla tatizo halijafika. Kwanza, ripoti itaje mbinu ya uyeyushaji. Pili, maabara ichambue pia jivu rejea lililothibitishwa, kama SRM 1633c, na kuonyesha kiasi ilichokipata. Tatu, kiasi cha jumla kisichukuliwe kuwa ndicho kitakachoingia kisimani: hicho hupimwa kwa jaribio la uchujukaji. Kikomo cha kisheria kisichotaja mbinu hakimlindi mwananchi, kwani mwenye jivu atachagua mbinu inayompa tarakimu ndogo.