Sala Haikumfukuza Daktari

Wako watu wanaodhani kwamba mgonjwa hana budi kuchagua moja kati ya mawili: sala au dawa. Dhana hiyo ni ya hatari, nayo imewapeleka wengine kaburini kabla ya wakati wao.

Na tuutazame mfano wa Bibi Dorothy Kerin wa Uingereza. Alizaliwa London mwaka 1889, akaugua kifua kikuu, akalala kitandani kwa miaka. Mwezi wa Februari 1912, jamaa zake wakimngojea afe, aliinuka akatembea. Mwenyewe alishuhudia kwamba Mungu ndiye aliyemponya.

Kama yuko mtu aliyekuwa na sababu ya kuwaambia wagonjwa watupe chupa za dawa, ni yeye. Hakufanya hivyo. Mwaka 1929 alifungua nyumba ya wagonjwa huko Ealing, London. Na mwaka 1948 akaanzisha Burrswood, katika kijiji cha Groombridge, kusini ya Uingereza. Hapo daktari, muuguzi na kasisi walifanya kazi bega kwa bega, kila mmoja akiiheshimu kazi ya mwenziwe.

Bibi huyo alifariki mwaka 1963. Hospitali yake iliendelea mpaka mwaka 2019, ilipofungwa kwa upungufu wa fedha. Hapo pana fundisho la pili: huruma huanzisha, lakini hazina ndiyo idumishayo.

Basi ndugu, anayekuombea na akuombee. Lakini akikukataza kwenda hospitali, usimfuate. Sala na dawa hazijagombana kamwe. Wagombanao ni watu.