Ruta ya CNC ya Karakana Ndogo (Sehemu ya Tatu): Mhimili wa Wima

Sehemu mbili zilizopita zilihusu mihimili ya X na Y. Leo tunaingia kwenye Z, mhimili unaopandisha na kushusha mota ya kukatia. Ndio mfupi kuliko yote, na katika mashine za bei nafuu ndio unaoharibu kazi kuliko yote. Mwenye mashine akiona ukingo wa ubao umetoka na mawimbi, au duara limetoka kama yai, mara nyingi hukimbilia kununua mota yenye nguvu zaidi. Naomba tukubaliane mapema kwamba mota ndiyo ya mwisho kununuliwa. Kinachopungua ni ukakamavu, nao hauletwi na mota.

Udhaifu huu una historia yake. Mwaka 1952, wahandisi wa chuo cha MIT nchini Marekani walipoonyesha mashine ya kukatia chuma inayoongozwa kwa namba, walianza na mashine nzito ya kiwandani aina ya Cincinnati Hydro-Tel, wakaiongezea mfumo wa kuiongoza. Mwili ulikuwepo, ukatafutiwa ubongo. Sisi tumekuja kwa njia ya kinyume. Mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norway alitoa programu ya Grbl, inayoweza kuendesha mihimili mitatu kwa kibao kidogo cha Arduino. Miaka miwili baadaye Edward Ford alichangisha fedha kwenye tovuti ya Kickstarter kwa ajili ya ruta yake ya Shapeoko. Ubongo ukawa rahisi na wa bei ndogo, na mwili ukatafutwa kwa vipande vyepesi vya alumini, magurudumu ya plastiki na mikanda ya mpira. Kwa X na Y mpango huo unavumilika. Kwenye Z hauvumiliki, kwa sababu za hesabu tu.

Biti inapouma mbao, mbao nayo huisukuma biti pembeni. Msukumo huo hutua kwenye ncha, mbali na mahali mota iliposhikwa. Boriti iliyoshikwa upande mmoja hupinda kwa kipeo cha tatu cha urefu wake: ncha ikining'inia milimita 120 chini ya mshiko badala ya 60, kupinda hakuongezeki mara mbili bali mara nane. Kuna pia hesabu ya pili, ya vigari vinavyoshika bamba la mota. Nafasi kati ya kigari cha juu na cha chini ikiongezwa mara mbili, kuinama kwa bamba hupungua hadi robo. Kwa hiyo Z njema ina vigari vilivyoachana kadiri inavyowezekana, na ncha iliyo karibu na kigari cha chini kadiri inavyowezekana.

Hapo ndipo tamaa ya safari ndefu inapotuponza. Mashine ndogo ya aina ya 3018 hushuka na kupanda takriban milimita 45, na mwenyewe hutamani 150. Lakini kila milimita ya safari hulipwa ama kwa kusogeza vigari karibu, ama kwa kuiacha ncha ining'inie mbali zaidi. Anayekata MDF ya milimita 18 na mbao za mninga za milimita 25 hadi 50 hana haja ya zaidi ya 80 au 100. Akipata siku moja kazi nene, na ateremshe meza.

Kabla ya kutoa hata shilingi, pima. Unahitaji geji ya saa, ile yenye mshale unaosoma sehemu ya mia ya milimita, na mizani ya ndoano kama ya wauza samaki. Washa mashine ili mota za hatua zishike, lakini mota ya kukatia iwe imechomolewa kabisa kwenye umeme. Funga kwenye mandrini kipande cha chuma cha mviringo, kigusishe geji iliyosimama juu ya meza, kisha vuta kwa mizani mpaka isome kilo 5. Andika mshale umesogea kiasi gani. Rudia kipimo hicho hicho, ukivuta kwa nguvu ile ile pale pale kwenye ncha, lakini geji sasa iguse mwili wa mota. Kisha bamba linaloibeba. Kisha upande wa daraja (boriti inayobeba Z juu ya meza) usiopanda wala kushuka. Mwisho daraja lenyewe. Vuta kushoto na kulia, halafu mbele na nyuma.

Namba hizo zitakuambia ukweli ambao muuza vipuri hawezi kukuambia. Tuseme ncha imesogea milimita 0.40, bamba 0.35, na daraja 0.05. Basi sehemu kubwa ya upotevu iko kwenye vigari na bamba, na pesa iende huko. Lakini kama ncha imesogea 0.40 na daraja lenyewe 0.30, Z mpya ya bei kubwa haitakusaidia. Umefunga mlango mzuri kwenye ukuta wa udongo uliolegea. Wengi hununua Z nzima bila kipimo hiki, kisha hulalamika kuwa mawimbi bado yapo.

Tuchukulie kipimo kimeonyesha vigari. Mashine nyingi za 3018 huteleza juu ya fimbo mbili za chuma zilizoshikwa kwenye ncha zake tu, na fimbo ya namna hiyo hupinda katikati. Ukakamavu wa fimbo ya duara hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hiyo kutoka milimita 8 hadi 10 ni faida ya karibu mara mbili na nusu. Hata hivyo sishauri kunenepesha fimbo. Reli bapa ya chuma iliyofungwa kwa bolti urefu wake wote haina pa kupindia, na vigari vyake huzungusha gololi ndani kwa ndani. Kwa mashine ndogo reli za milimita 12 zinatosha. Kwa mashine ya ukubwa wa Shapeoko tafuta za milimita 15. Reli mbili, vigari vinne, na bamba la alumini la milimita 12 au zaidi. Vigari vifungwe kwenye sehemu isiyopanda wala kushuka na reli zifungwe kwenye bamba linaloshuka. Mpangilio huo hufanya reli yenyewe iimarishe bamba linapoteremka.

Baada ya reli ndipo skrubu. Shapeoko 3 ilitoka kiwandani Z yake ikivutwa kwa mkanda. Baadaye kampuni inayoitengeneza, Carbide 3D, ikauza Z nzito ya reli za chuma na skrubu ya gololi kwa ajili ya mashine zake. Mashine za 3018 hutumia skrubu ya kawaida ya milimita 8 yenye nati ya shaba, na nati hiyo ikilika huleta plei, yaani ulegevu. Badala yake weka skrubu ya gololi: 1204, yaani kipenyo milimita 12 na mwendo wa milimita 4 kwa mzunguko, au 1605. Usisahau beringi za kushika ncha ya juu, BK10 kwa ya kwanza na BK12 kwa ya pili. Katika mashine nyingi za bei nafuu skrubu yote huning'inia kwenye shafti ya mota kupitia kiungio cha alumini kilichochanjwa kama springi, na springi hiyo hunyooka kila biti inapovutwa chini.

Skrubu ikibadilika, namba zibadilike pia, na hili lisipofanywa mashine hujiumiza yenyewe. Mota ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Kiendeshi kikizigawa kwa 8 zinakuwa 1600. Skrubu yenye mwendo wa milimita 2 huhitaji hatua 800 kwa milimita, ya 4 huhitaji 400, ya 5 huhitaji 320. Ukiiacha 800 huku umefunga 1605, ukiagiza kushuka milimita 10 biti itashuka 25, moja kwa moja hadi mezani. Katika Grbl namba hiyo ni $102. Rekebisha pia $112 ya mwendo wa juu na $132 ya urefu wa safari. Kisha, ili mota isimame wima kamili juu ya meza, funga mkono wenye geji kwenye mandrini, uuzungushe kwa mkono juu ya meza, na weka vipande vyembamba vya bati nyuma ya bamba mpaka mshale usome sawa pande zote nne.

Limebaki jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka. Skrubu ya kawaida yenye mwendo wa milimita 2 hujifunga yenyewe kwa msuguano. Umeme ukizimwa, mzigo hukaa. Skrubu ya gololi karibu haina msuguano, na mota ya kukatia inayopozwa kwa maji inaweza kufika kilo 5, bila bamba lake. Mzigo huo unaweza kuteremka wenyewe. Kuweka $1=255 hufanya mota za hatua zisiachie mashine inapopumzika, lakini umeme wenyewe ukikatika katikati ya kazi, amri hiyo haina la kufanya, na sisi tunajua jinsi umeme unavyokatika. Dawa ni kubeba uzito kwa njia nyingine: springi, au lile bomba la gesi linaloinua mlango wa nyuma wa gari. Pima uzito wa kila kinachoshuka, zidisha kilo kwa 9.8 upate nyutoni, kisha tafuta bomba lenye nguvu inayokaribia hapo. Kwa mzigo wa kilo 8, la nyutoni 80 linafaa. Lifungwe wima na karibu na skrubu, kwa sababu likikaa pembeni litapindisha bamba lile lile ambalo umelihangaikia.