Mbawakawa Asiyeruka wa Val Sessera

Konokono akihisi hatari hujivuta ndani ya gamba lake. Mbele ya Carabus olympiae, ujanja huo haumfikishi mbali. Mbawakawa huyu huwinda usiku. Humbana konokono kwa taya zake, humtemea majimaji yenye vimeng'enya mpaka nyama ilainike mfano wa uji, kisha huifyonza. Mchana hujificha chini ya mawe, majani makavu au magogo yanayooza. Urefu wake ni takriban sentimita 3, na mgongo wake hung'aa kijani kilichochanganyika na dhahabu.

Uzuri huo ulimponza. Makazi yake ya asili ni bonde moja tu duniani: Val Sessera, katika milima ya Alpi, mkoa wa Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia. Tangu Eugenio Sella alipomtangaza kwa wanasayansi mwaka 1855, wakusanyaji wa wadudu walimwandama bila huruma. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 alidhaniwa kuwa ametoweka, hadi alipoonekana tena mwaka 1942.

Kwa nini asihamie bonde jirani? Kwa sababu haruki. Mabawa yake ya juu ni ngao tu, na yale ya chini yamedumaa. Kila aendako huenda kwa miguu, na palipokatika msitu, safari yake nayo hukatika.

Hilo lilidhihirika pale watafiti wa Italia walipowabandika baadhi ya mbawakawa hao vifaa vidogo vya kurusha mawimbi ya redio na kuwafuatilia mlimani. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kuwa wadudu hao hupendelea misitu ya miti aina ya Fagus na vichaka vya rododendroni. Malisho, pamoja na njia za watalii wa kuteleza kwenye theluji, waliyakwepa.

Ukitazama jinsi njia hizo zinavyotengenezwa, hutashangaa. Miti hukatwa, ardhi husawazishwa kwa mitambo na udongo hushindiliwa. Kiangazi, theluji inapokwisha, hubaki nyasi fupi zinazopigwa na jua. Mdudu anayehitaji unyevu hapati pa kujisitiri hapo, wala konokono wa kutosha. Kwa mtelezaji ni mteremko wa dakika chache. Kwa mbawakawa ni mpaka unaoweza kuwatenga ndugu wa upande huu na wa ule.

Mwaka 1992 Umoja wa Ulaya ulimweka katika orodha ya viumbe wa kulindwa kwa kipaumbele. Sheria humzuia mwenye chupa na mtego, lakini haioteshi kichaka kilichong'olewa. Kwa hiyo mradi uliofadhiliwa na Umoja huo kupitia mpango wa LIFE uligeukia makazi yenyewe. Msitu wenye miti ya rika moja unahitaji kupunguzwa kwa mafungu, ili mwanga upenye na miti ya umri tofauti ikue; vigogo vilivyoanguka viachwe vioze, na rododendroni irudishwe palipobaki wazi.

Kazi hiyo haina mbwembwe, na huchukua miaka mingi kabla ya kuonyesha faida. Lakini kwa mdudu mwenye bonde moja, hakuna hifadhi nyingine ya kukimbilia. Kila anayeomba kibali cha kufungua njia mpya Val Sessera aonyeshe kwanza ni wapi mbawakawa huyu ataweza kuvuka kwa miguu yake.