Hiari ya Mchezaji na Takdiri ya Mtungaji

Katika michezo ya video ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mtu mwingine, akaishi katika nchi ya kubuni na kujipatia humo jina na cheo, hakuna ahadi inayonadiwa zaidi kuliko hiari. Nayo ni ahadi isiyoweza kutimizwa kwa ukamilifu, madhali kila neno litakalosemwa na kila mlango utakaofunguka sharti uwe umekwisha kutengenezwa kabla mchezaji hajaketi. Kwa hiyo mipaka haina budi kuwapo. Linalostahili kuulizwa ni kama mpaka huo ni wa dunia ile yenyewe, au ni mkono wa mtungaji uliopenya pazia.

Mwaka 2002 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa Morrowind, mchezo ambao mchezaji aliruhusiwa kumwua takriban kila amkutaye, hata yule ambaye bila yeye kisa kikuu hakiendelei. Hakuzuiwa, alipewa ilani tu kwamba utabiri hautatimia tena, naye akaachiwa ama arejee pale alipohifadhi mchezo wake, ama aendelee kuishi katika dunia aliyokwisha kuiangamiza. (Mimi niliendelea, siku kadhaa, kwa ukaidi mtupu.) Na kwa mdadisi kulikuwa na uchochoro wa kukimaliza kisa hata hivyo: aliyemwua Vivec, mfalme aliyeabudiwa kama mungu, aliweza kumpelekea glavu yake ya ajabu Yagrum Bagarn, masalia ya kabila la mafundi waliotoweka, naye akaitengeneza, ingawa atakayeivaa hulipia kwa sehemu ya uhai wake.

Katika Oblivion, mwaka 2006, kampuni ile ile iliufunga mlango huo: watu wa lazima wakipigwa huzimia, kisha huinuka na kushika njia kana kwamba hapakutokea jambo. Udhuru ulikuwapo, kwani wakazi walikwisha kupewa ratiba za kutwa na kusafiri peke yao, na mtu wa maana angeliweza kuliwa na mbwa mwitu huko mbali pasipo mchezaji kuwa na habari. Walakini dawa ilizidi maradhi, maana iliwakinga na mbwa mwitu na mchezaji kwa pamoja. Ni mwaka 2011 tu, katika mchezo wao wa Skyrim, ndipo baadhi ya watu walipopewa kinga ya namna ya pili, ambayo huwaweka hai mbele ya kila adui isipokuwa mchezaji mwenyewe.

Hata uchawi wa kupaa angani, uliokuwamo katika Morrowind, uliondolewa katika Oblivion, kwa kuwa miji yake mingi ilikuwa vyumba vilivyotengwa, vilivyopakiwa lango lifunguliwapo, na aliyepaa juu ya ukuta angeona gamba tupu.

Waliolitatua tatizo hili la mipaka kwa werevu zaidi, kwa maoni yangu, ni kampuni ya Obsidian katika mchezo wa Fallout: New Vegas, mwaka 2010. Humo mchezaji aweza kuwageuka na kuwaua wakuu wote wanaogombea mji, na kisa kisikatike, kwa sababu amebaki roboti mmoja, Yes Man, aliyeumbwa kutomkatalia mtu. Ukimvunja, hurejea katika kiwiliwili kingine cha chuma, na tabasamu lile lile limechorwa katika kioo cha uso wake.