Kwa nini unaambiwa urudi kupima tena?

Tukipita nyumba kwa nyumba hapa Onduparaka, swali moja halikosi: "Nilipimwa, wakasema sina virusi vya UKIMWI. Sasa kwa nini wananiambia nirudi?" Wengine hudhani muuguzi anawashuku tabia. Sivyo. Sababu iko katika kipimo chenyewe.

KIRUSI KIMEJENGWAJE?
Kirusi cha UKIMWI ni kidogo mno, hata darubini ya kituo cha afya haikioni. Nje kina utando wenye miiba ya protini zinazoitwa gp120 na gp41. Kwa miiba hiyo hukamata chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili. Ndani kuna kasha lililojengwa kwa vipande zaidi ya elfu moja vya protini iitwayo p24. Kasha hilo hubeba maagizo ya kuzaa virusi vingine.

Mwili ukivamiwa, hutengeneza askari wake, yaani kingamwili. Kila aina ya kingamwili hushika protini yake, kama ufunguo na kufuli.

KIPIMO CHA KIDOLE KINATAFUTA NINI?
Kwenye kile kijikaratasi watengenezaji wameweka protini zilizoigwa za kirusi. Damu yako ikiwa na kingamwili zake, zinanasa pale na mstari unatokea. Kwa hiyo kipimo hiki hakitafuti kirusi. Kinatafuta askari waliotumwa kupigana nacho.

Askari hao hawaji siku moja. Kwa watu wengi huonekana baada ya wiki tatu au nne, na wengine huchukua hadi miezi mitatu. Muda huo unaitwa kipindi cha dirisha. Kipimo kinaweza kusema "hakuna" wakati virusi vimejaa katika damu, na mtu anaambukiza kwa urahisi sana.

Kuna vipimo vingine vinavyotafuta pia p24, ambayo huonekana mapema zaidi, karibu wiki ya pili au ya tatu. Hivi hutumia kingamwili za maabara. Njia ya kuzitengeneza iligunduliwa na Georges Köhler na César Milstein mwaka 1975 huko Cambridge, Uingereza: waliunganisha chembe ya panya na chembe ya saratani, wakapata chembe inayotoa kingamwili za aina moja bila kukoma. Lakini hata vipimo hivyo havioni maambukizi ya juzi.

NA MTOTO MCHANGA?
Hapa akina mama wengi huvunjika moyo bure. Mama mwenye virusi humpa mtoto kingamwili zake tangu tumboni, nazo zinaweza kubaki hadi miezi 18. Mtoto akipimwa kwa kipimo cha kidole, mstari unaweza kuwa wa mama, si wake. Ndiyo maana akifika wiki sita huchukuliwa damu ya kisigino kwa kipimo kingine, kinachotafuta kirusi chenyewe. Mama, usiache dawa zako wala za mtoto, na usimwachishe ziwa kwa hofu kabla ya kuongea na muuguzi.

TUKUMBUKE
- Ukipimwa huna, na ulikuwa katika hatari karibuni, rudi baada ya miezi mitatu. Kabla ya hapo tumia kondomu.
- Jibu la "unavyo" halitolewi kwa kipimo kimoja. Lazima kithibitishwe kwa kipimo cha aina nyingine.
- Unayemeza ARV, usijipime upya ili kuona kama umepona. Dawa hupunguza virusi, na kipimo kinaweza kukudanganya. Ukiacha dawa, virusi vinarudi.
- Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi arudishwe kwa kila tarehe aliyopangiwa, hadi jibu la mwisho akiwa na miezi 18.

Kutoka Arua hadi Lobule kule Koboko, vituo vya afya vya serikali hupima mkimbizi na mwenyeji bila malipo, na jibu ni siri yako. Haraka haraka haina baraka: ukiambiwa urudi, rudi.