Ndoa ya Mkenya na Mfilipino ughaibuni: Cheti kimoja, sheria za nchi tatu

WAKENYA waliokwenda kutafuta riziki Dubai, Abu Dhabi na Doha hufanya kazi bega kwa bega na Wafilipino hospitalini, hotelini, madukani na katika nyumba za waajiri. Si ajabu basi kwamba mazungumzo ya zamu ya usiku huzaa uchumba, na uchumba nao huzaa swali gumu: tufungie wapi ndoa?

Kuja Nairobi wote wawili ni gharama. Kwenda Manila ni gharama zaidi, na huko sheria humtaka mgeni kuwasilisha cheti kutoka kwa ubalozi wa nchi yake kinachothibitisha kwamba ana uwezo wa kisheria wa kuoa au kuolewa. Likizo nayo huwa ya siku chache. Kwa hiyo wengi huamua kuoana pale pale walipo au katika nchi nyingine ya tatu iliyo rahisi kuifikia. Uamuzi huo hauna kosa lolote kisheria. Kosa huja pale wanapodhani kwamba sheria ya nchi hiyo ya tatu ndiyo pekee inayowahusu.

Ukweli ni kwamba ndoa ya aina hii hupimwa mara tatu. Nchi inayofungisha ndoa hutazama utaratibu: ilani, mashahidi, ada na saini. Kenya na Ufilipino, kwa upande wao, hutazama iwapo kila mmoja alikuwa huru kufunga ndoa hiyo tangu mwanzo. Cheti chenye muhuri wa dhahabu kutoka ng'ambo hakiwezi kumpa mtu uhuru ambao hakuwa nao nyumbani.

Tuanze na Mkenya. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa iliyofungwa nje hutambuliwa hapa ikiwa ilifuata sheria ya nchi ilikofungwa na ikiwa wahusika walikuwa na uwezo wa kuoana kwa mujibu wa sheria ya Kenya. Umri ni miaka 18 kwenda juu. Kabla ya kusafiri, au kupitia kwa mtu wake aliye nyumbani, Mkenya huomba kwa Msajili wa Ndoa, katika afisi ya Mwanasheria Mkuu jumba la Sheria House, cheti cha kuthibitisha kwamba hana kizuizi cha kuoa au kuolewa. Hiyo ndiyo karatasi ambayo maafisa wa ng'ambo huiulizia kwanza.

Hapa ndipo wanaume wetu wengi hujikwaa. Utamsikia mtu akisema, "Sijaoa, yule wa nyumbani hatukuandikisha." Lakini sheria ya 2014 inatambua ndoa za kimila sawa na za Kikristo, za kiserikali, za Kihindu na za Kiislamu. Aliyepeleka mahari na kutimiza mila ana mke, hata kama hakuna cheti sandukuni. Na aliye katika ndoa inayoruhusu wake wengi haruhusiwi kuifuatisha na ndoa ya mke mmoja. Akienda Abu Dhabi na kutia saini kwamba yu kapera, ndoa hiyo mpya haitasimama Kenya wala Ufilipino, ambako Kanuni ya Familia huihesabu ndoa juu ya ndoa kuwa batili. Aidha, kufunga ndoa ya pili isiyoruhusiwa ni kosa la jinai hapa nchini, na adhabu yake ni kifungo kinachoweza kufika miaka mitano.

Upande wa Mfilipino una ugumu wake, nao ni mkubwa zaidi. Ufilipino haina talaka kwa raia wake walio wengi. Waislamu ndio pekee wenye talaka, chini ya kanuni yao ya mwaka 1977. Mnamo Mei 2024 Bunge la Wawakilishi la nchi hiyo lilipitisha mswada wa talaka, lakini muhula wa bunge hilo ulimalizika mwaka 2025 bila mswada huo kuwa sheria. Kwa hiyo mchumba wako akikuambia kwamba yeye na mumewe wa zamani "waliachana" miaka kumi iliyopita, muulize kwa upole waliachana vipi. Kuishi mbalimbali si kuachana kisheria. Kinachotakiwa ni hukumu ya mahakama ya kubatilisha ndoa ile, au cheti cha kifo ikiwa ni mjane.

Kuna mlango mmoja mdogo. Kifungu cha 26 cha Kanuni ya Familia, iliyoanza kutumika Agosti 1988, kinasema kwamba Mfilipino aliyekuwa ameoana na mgeni anaweza kuoa au kuolewa tena iwapo talaka halali ilitolewa nje ya nchi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Ufilipino iliupanua mlango huo iliposema haidhuru ni nani aliyeomba talaka hiyo, mgeni au Mfilipino mwenyewe. Hata hivyo, talaka hiyo ni lazima kwanza itambuliwe na mahakama ya Ufilipino na kuandikwa katika kumbukumbu za ndoa. Bila hivyo, kwa macho ya serikali yake mtu huyo bado ni mke au mume wa mtu.

Hali hiyo yote hujitokeza katika hati ambayo Wafilipino huiita CENOMAR. Hutolewa na Mamlaka ya Takwimu ya nchi hiyo, nayo huonyesha kwamba kumbukumbu za taifa hazina ndoa yoyote kwa jina la mhusika. Ombeni muione kabla ya kununua pete. Pamoja na cheti cha kuzaliwa, hati hiyo hupelekwa kwa ubalozi wa Ufilipino ulio karibu, ambao humpa raia wake cheti cha uwezo wa kufunga ndoa. Walio chini ya miaka 21 huhitaji idhini ya wazazi. Walio kati ya 21 na 25 huulizwa ushauri wa wazazi, jambo ambalo kwa Mkenya wa miaka 24 anayejitegemea huonekana kioja.

Sasa, mahali. Miaka ya nyuma, wasio Waislamu katika Muungano wa Milki za Kiarabu walitegemea makanisa na balozi zao, au walipanda ndege kwenda kwingine. Mambo yalibadilika mwaka 2021 Abu Dhabi ilipotunga sheria ya ndoa za kiserikali kwa wasio Waislamu, ambayo huruhusu hata wageni wasio wakazi kuoana mbele ya mahakama yake wakiwa na miaka 18. Sheria ya muungano mzima ilifuata, ikaanza kutumika Februari 1, 2023, ila hiyo inataka miaka 21. Waislamu wana utaratibu wao mbele ya kadhi. Kwingine, Ushelisheli haimdai mgeni yeyote viza na imezoea maharusi kutoka nje. Hong Kong, yenye wafanyakazi wa nyumbani wa Kifilipino kwa maelfu, hutaka ilani ya siku 15 na haiulizi mnakaa wapi.

Baada ya harusi kazi haijaisha. Cheti cha ndoa kilichoandikwa kwa Kiarabu kitafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa, kisha kithibitishwe na wizara ya mambo ya nje ya nchi husika na ubalozi unaohusika. Ufilipino hutumia muhuri wa apostili tangu Mei 14, 2019. Kwa nchi zilizo nje ya mkataba huo, mlolongo wa mihuri hubaki kuwa mrefu. Mfilipino naye hupeleka ripoti ya ndoa kwa ubalozi wake wenye mamlaka mahali ilipofungwa. Ripoti hiyo husafiri hadi Manila na kuingizwa katika kumbukumbu za taifa. Mwaka ukipita bila kuripoti, ataandika kiapo cha kueleza sababu za kuchelewa.

Niruhusiwe, kama mtu aliyezeeka akisahihisha majina ya watu gazetini, niseme neno kuhusu tahajia. Jina la kati la Mfilipino ni ukoo wa mamake. La Mkenya mara nyingi ni jina alilopewa kwa desturi ya kabila lake, na la mwisho ni la babake. Karani wa ng'ambo hajui tofauti hiyo. Huyapanga majina anavyodhani yeye. Herufi moja ikitofautiana baina ya pasipoti na cheti cha ndoa, afisi mbili zitawahesabu kuwa watu wanne. Someni cheti neno kwa neno kabla ya kuondoka kaunta. Jambo jingine: sheria ya Ufilipino haimlazimishi mke kuchukua jina la mume, kwa hiyo amueni mapema na mtumie uamuzi huo kila mahali.

Mkipata mtoto, katiba zote mbili zinamtambua kuwa raia kwa kuzaliwa kupitia mzazi yeyote, awe baba au mama, hata akizaliwa ughaibuni. Lakini hospitali na balozi nyingi za Ghuba huomba cheti cha ndoa kabla ya kumwandikisha, na ndiyo sababu cheti chenye dosari humwumiza mtoto kwanza. Mwenzi Mfilipino naye hana uraia wa Kenya kwa sababu ya ndoa peke yake; Katiba ya 2010 humruhusu kuuomba baada ya miaka saba ya ndoa.

Na ikiwa mwenzi huyo atarudi kwao kwanza kuwaaga wazee kabla ya kuja kuishi Kenya, ajue kwamba Tume ya Wafilipino Walio Ng'ambo huwataka wenzi wa wageni wanaohamia nje kuhudhuria kikao cha ushauri na kupata cheti chake. Asiyekuwa nacho huweza kurudishwa na maafisa wa uhamiaji kwenye uwanja wa ndege. Aweke nafasi ya kikao hicho kabla ya kukata tiketi.