Msanii wa kujitegemea: kweli na uongo kutoka Sur

Kijana wa Ibra au Nizwa, nchini Oman, akitamka kwamba anataka kuishi kwa muziki, hata kutungia filamu, ataambiwa mengi ya kumkatisha tamaa. Tuyapime kwa maisha ya Salim Rashid Suri, baharia mwimbaji wa Sur, aliyezaliwa karibu mwaka 1910 na kufariki 1979.

"Kujitegemea kumeletwa na intaneti." Uongo. Salim alirekodiwa Bombay na HMV, kampuni ileile iliyomrekodi mwimbaji wa Unguja, Siti binti Saad, katika mji huohuo mwaka 1928. Baada ya Vita Kuu ya Pili alihamia Bahrain, akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya santuri, Salimphone. Santuri hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi. Aliimba sawt, muziki wa Ghuba wa udi, marwasi na makofi, ambao katika baraza hupenda kujinyoosha. Studioni ilibidi achague beti, aache nyingine, amalize kabla sindano haijafika mwisho. Mtunzi wa filamu leo anabanwa vivyo hivyo: tukio likiwa na sekunde arubaini, muziki wake ni sekunde arubaini.

"Msanii wa kweli hana kazi nyingine." Uongo, tena unaoumiza. Salim alifanya kazi melini, kisha akawa dalali na mkalimani wa wafanyabiashara Waarabu huko Bombay. Udi haukumtupa.

"Muziki wa Oman ni Uarabu mtupu." Uongo. Sikiliza lewa ya Sur, zumari na ngoma zake, na maneno ya Kiswahili ndani ya nyimbo.

"Sinema ya Oman bado changa." Kweli. Al-Boom ya Khalid Al-Zadjali, filamu ndefu ya kwanza nchini, ni ya 2006. Kwa mtunzi kijana hiyo ni nafasi, maana uwanja haujajaa.

"Nyumbani hawakumthamini Salim." Nusu kweli. Alirejea Oman 1971, Sultani Qaboos akamfanya mshauri wa utamaduni. Lakini miaka yake mingi ya kazi ilikwisha pita ugenini.

Santuri kama zile za Salim huvunjika zikianguka. Kama ipo moja kwenu, Sur, Ibra au Unguja, msiitupe: mpelekeni fundi aihamishe sauti yake kabla haijapotea.